Nyumba ya Kijijini ya Wales: Mti, Udongo na Chokaa

Magharibi ya mji wa Cardiff, katika kijiji cha St Fagans, imesimama nyumba ndefu iliyoezekwa kwa mabua, ambayo mahali pake pa asili si hapo. Ilijengwa Llangynhafal, kaskazini-mashariki ya Wales, nayo huitwa Hendre'r-ywydd Uchaf. Mbao zake zinaonyesha kwamba miti iliyotumika ilikatwa mnamo mwaka 1508. Nyumba hiyo haina dohani. Moto uliwashwa sakafuni, na moshi ukatafuta njia yake kupitia kwenye paa. Madirisha yake hayana vioo, bali vijiti vya mti vilivyosimamishwa wima. Watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja.

Aionaye leo huenda akadhani kwamba ilikuwa nyumba ya fukara. Sivyo hata kidogo. Ilikuwa makao ya mkulima mwenye uwezo wa kutosha. Fukara wa zama zile hawakuacha nyumba yoyote iliyodumu hadi leo, kwa sababu walichojenga kilirudi udongoni baada ya kizazi kimoja au viwili. Yafaa jambo hili likumbukwe tangu mwanzo: yeyote anayechunguza majengo ya kale huchunguza yale tu yaliyopona, na yaliyopona aghalabu ni ya wale waliojiweza.

Wales ni mojawapo ya nchi nne za Ufalme wa Muungano. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 20,700, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya milioni 3. Ni nchi ya milima, ingawa si mirefu. Kilele chake cha juu kabisa, Yr Wyddfa, kina meta 1,085 tu. Lakini milima hiyo huzipokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Atlantiki, na katika sehemu zake za juu mvua huzidi milimita 3,000 kwa mwaka. Kwa hiyo adui mkubwa wa nyumba ya Wales si jua, wala si mchwa. Ni maji. Karibu kila jambo katika ujenzi wa nyumba hizo laweza kuelezwa kwa kuuliza: maji yataingia wapi, na yatatokea wapi?

Vifaa vya ujenzi vilitegemea mahali. Katika mabonde ya mashariki yalikuwako mapori ya mialoni, na huko watu walijenga kwa mbao. Kaskazini na magharibi mawe yametapakaa kila mahali, hata mkulima alilazimika kuyaondoa kabla ya kulima. Huko walijenga kwa mawe. Kusini-magharibi, penye udongo mzuri wa mfinyanzi na uhaba wa miti mikubwa, walijenga kwa udongo. Kabla ya reli, hapakuwa na mtu wa kawaida aliyeweza kugharimia kusafirisha mawe au mbao kutoka mbali. Ndiyo maana mtaalamu, akiutazama ukuta tu, huweza mara nyingi kusema nyumba imetoka upande gani wa nchi.

Mti uliopinda

Nguvu yote ya Hendre'r-ywydd Uchaf imo katika miti iliyopinda. Fundi alitafuta mwaloni uliopinda kwa asili yake, akaupasua kwa urefu, akapata vipande viwili vinavyolingana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Vipande hivyo vilisimamishwa vikielekeana, miguu ikiwa chini na ncha zikikutana juu, kisha vikafungwa kwa mtambaapanya uliopita katikati, hata umbo lote likawa kama herufi A yenye miguu iliyotanuka. Maumbo kama hayo kadhaa yalipangwa kwa safu, na juu ya ncha zake ikalazwa boriti ya mgongo wa paa. Makombamoyo na fito zilifuata.

Mwanafunzi wa fizikia ataona mara moja faida ya mpango huu. Uzito wa paa husukuma vipande viwili vya mti visambae nje. Mtambaapanya huvizuia, kwa hiyo wenyewe umo katika hali ya kuvutwa, ilhali miti iliyopinda imo katika hali ya kubanwa. Uzito wote huteremka mpaka ardhini kwa njia ya mti, na ukuta haubebi chochote. Ukuta ni pazia tu: kiambaza cha fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Kiambaza kikioza, hubomolewa na kujengwa kingine bila paa kutikisika. Ndivyo ilivyotokea katika nyumba nyingi za Wales, ambazo kwa nje zaonekana kuwa za mawe za karne ya 17 au 18, na kumbe ndani yake imo miti iliyopinda ya miaka 200 nyuma zaidi.

Mwaloni ulitumika ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Viungo vilifungwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari, kwa kuwa asidi iliyomo katika mwaloni hula chuma. Fremu ilikusanywa kwanza chini, kila kiungo kikachongwa alama yake, ikafumuliwa, kisha ikapandishwa mahali pake. Alama hizo zingali zikionekana katika nyumba nyingi.

Thamani ya miti hiyo ilitambuliwa hata na sheria. Sheria za kale za Wales, zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki mnamo mwaka 950, zimetufikia katika miswada ya karne ya 13 na baadaye. Ndani yake imetajwa bei ya kila mti wa nyumba, pamoja na ile miti yenye panda iliyobeba mgongo wa paa, ili aliyeharibu nyumba ya mwenzake ajue atalipa nini. Nyumba ya majira ya baridi, yaani hendre, ilithaminiwa juu zaidi kuliko hafod, ambayo ilikuwa nyumba ya mlimani walikokaa wachungaji wakati wa kiangazi. Maneno hayo mawili yangali yamo katika majina ya mashamba mengi ya Wales, pamoja na nyumba hii tunayoizungumzia.

Mwaka umeandikwa ndani ya mti

Mwaka 1508 haukuandikwa juu ya mlango wala katika hati yoyote. Umesomwa katika mti wenyewe. Katika nchi zenye majira ya baridi, mwaloni huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka mzuri huleta pete pana na mwaka mbaya pete nyembamba. Miti ya eneo moja hupatwa na hali moja ya hewa, hivyo mfuatano wa pete pana na nyembamba hufanana kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mtaalamu huanza na mti ulio hai, ambao mwaka wa pete yake ya mwisho unajulikana. Kisha huchukua mbao za nyumba ya zamani kidogo, ambazo pete zake za nje zinalingana na pete za ndani za mti ulio hai, na kuziunganisha. Akiendelea hivyo hupata mlolongo wa mamia ya miaka bila pengo. Njia hii ilibuniwa na mtaalamu wa nyota wa Marekani, Andrew Ellicott Douglass, mwanzoni mwa karne ya 20.

Jambo moja ni muhimu kabisa. Ikiwa ubao umebaki na ukingo wake wa gome, mwaka wa kukatwa mti hujulikana bila shaka, na pengine hata majira yake. Ukingo huo ukiwa umechongwa, hubaki makadirio tu. Aidha, mbao zenye pete chache hazikuwa na msaada kwa muda mrefu, kwa sababu mfuatano mfupi waweza kulingana na miaka mingi tofauti kwa bahati tu. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Swansea, humo humo Wales, wameongeza njia nyingine: wanapima isotopu za oksijeni katika kila pete, ambazo hutunza kumbukumbu ya mvua ya kiangazi cha mwaka ule. Kwa njia hiyo mbao zilizokaa kimya zamani sasa zinatoa ushahidi.

Watu na ng'ombe

Nyumba ambamo watu na mifugo walikaa pamoja huitwa kwa Kiwelisi tŷ hir, yaani "nyumba ndefu". Haikujengwa kukingama mteremko, bali kuufuata, kichwa kikiwa juu na miguu chini. Watu walikaa sehemu ya juu, mifugo sehemu ya chini, na baina yao ukapita ujia kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Hekima yake ni dhahiri: mkojo na maji ya zizi huteremka na kutoka nje, yasiweze kupanda kwa binadamu. Wakati wa majira ya baridi mkulima aliweza kulisha na kukamua bila kutoka kwenye mvua. Tena ng'ombe mmoja mkubwa hutoa joto la wati mia kadhaa mchana na usiku, bila kudai kuni.

Iorwerth Peate, mwana wa seremala wa Llanbrynmair, aliiona nyumba hii kuwa shina la nyumba za Wales. Kitabu chake kuhusu nyumba za Wales kilitokea mwaka 1940, nacho kilikuwa kitabu cha kishujaa kwa namna yake, kwani wakati ule wanahistoria wa majengo walishughulika na makanisa, ngome na majumba ya mabwana. Peate alishika njia ya pili: alizunguka mashambani kupima vibanda. Hata hivyo wataalamu waliomfuata hawakukubaliana naye katika kila jambo. Peter Smith, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1975, alizipanga nyumba za Wales yote kwenye ramani na kuonyesha kwamba mifano ilikuwa mingi, na kwamba mitindo mingi ilianza kwa wenye mali kisha ikateremka polepole kwa watu wa kawaida. Nyumba ndefu ilikuwa mojawapo, si mama wa zote.

Badiliko lililoigeuza nyumba kuliko yote lilikuwa la moto. Maadam moto uliwaka sakafuni, haikuwezekana kuwa na ghorofa, kwa kuwa moshi ulihitaji nafasi yote hadi paani. Katika karne ya 16 na ya 17 moto ulisogezwa ukutani na kujengewa dohani. Mara moja ile nafasi ya juu iliyojaa moshi ikawa bure; watu wakaweka dari, wakapata vyumba vya kulala. Nyumba ya Kennixton, iliyojengwa mwaka 1610 katika rasi ya Gower na ambayo nayo sasa iko St Fagans, ni ya zama hizo. Kuta zake za nje zimepakwa rangi nyekundu kama damu, kwa sababu watu waliamini kwamba rangi hiyo hufukuza pepo wabaya. Dohani lilibadilisha hewa ya nyumba. Hofu za wenye nyumba zilichukua muda mrefu zaidi.

Nyumba za wasio na kitu

Idadi ya watu ilipoongezeka katika karne ya 18 na ya 19, wasio na ardhi walijenga pembezoni mwa njia na kwenye malisho ya wote. Ilienea imani kwamba mtu akiweza kujenga nyumba baina ya kuchwa na kucha, na moshi uonekane ukitoka asubuhi, basi nyumba ni yake, pamoja na ardhi iliyoizunguka hadi mahali shoka alilolitupa lilipoangukia. Nyumba hiyo iliitwa tŷ unnos, "nyumba ya usiku mmoja". Sheria haikuitambua haki hiyo kamwe. Lakini watu waliishi kwa imani hiyo: marafiki walikusanyika usiku, mabonge ya udongo wenye nyasi yakapangwa kuwa kuta, paa likatupiwa juu, na moto ukawashwa. Baadaye, kama mwenye nyumba hakufukuzwa, alijenga kuta imara polepole.

Ukuta imara wa kusini-magharibi ulikuwa wa clom, yaani udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na mabua na vijiwe. Ulipandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiachwa likauke kabla ya lile la juu, juu ya msingi wa mawe uliouepusha na unyevu wa ardhi. Paa lilitokeza nje ili matone yaanguke mbali. Nyumba ya Nant Wallter, ya mnamo mwaka 1770, ilijengwa hivyo. Ndani ya vibanda vya aina hii kwa kawaida mlikuwa na chumba kimoja chenye moto, na kando yake kijichumba cha kulala. Juu ya kijichumba hicho iliwekwa dari fupi iliyofikiwa kwa ngazi, iitwayo croglofft, ambamo watoto walilala karibu na mabua ya paa.

Ukuta wa udongo au wa mawe ulipakwa chokaa, na hapa wanafunzi wa kemia wana somo zuri. Mawe ya chokaa, CaCO₃, huchomwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Kaboni dayoksaidi hutoka, hubaki CaO. Ikitiwa maji huchemka na kuwa Ca(OH)₂, ambayo hupakwa ukutani. Hapo huinyonya tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na polepole hurudia kuwa CaCO₃. Jiwe limekuwa poda, poda imekuwa jiwe tena. Ni kemia ile ile ya majumba ya Lamu na Kilwa, ingawa huko kilichochomwa ni matumbawe.

Ngozi hii ya chokaa ina vitundu vidogo. Maji ya mvua huingia kidogo, na upepo ukivuma hutoka tena kwa mvuke, ukuta hupumua. Katika karne ya 20 wenye nyumba wengi, wakidhani wanaimarisha, walizipiga kuta hizo plasta ya saruji. Saruji ni ngumu, nao ukuta wa udongo hujongea kidogo kwa unyevu na ukavu. Kwa hiyo plasta hupata nyufa. Maji huingia kwa nyufa hizo, na kwa kuwa saruji haiyaachii kutoka, hukusanyika ndani. Nje ukuta waonekana safi na mkavu, na ndani udongo unarudi kuwa tope, hata siku moja sehemu yake huporomoka. Kuta nyingi zilizoihimili mvua ya miaka 150 zimeangushwa na matengenezo hayo.

Paa nalo lilibadilika. Katika milima ya kaskazini-magharibi limo jiwe la sleti, ambalo hapo awali lilikuwa tope la bahari, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Tope hilo liligandamizwa na nguvu za ardhi hata chembe zake bapa zikajipanga upande mmoja. Ndiyo sababu fundi aweza kulipasua kwa patasi katika vibao vyembamba, laini, visivyopitisha maji. Mabua huhitaji paa lenye mwinamo mkali ili maji yakimbie kabla hayajazama. Sleti huridhika na mwinamo mdogo zaidi. Reli za karne ya 19 zilipoipeleka sleti kila mahali, mabua yakaanza kutoweka. Penye umaskini watu walifunika tu mabua ya zamani kwa mabati. Bila kukusudia, waliwahifadhia watafiti paa zima chini ya bati: fito zilizosukwa, kamba za majani, na matabaka ya miiba na mabua vilivyowekwa na mikono ya karne mbili.

Mwaka 1939 na mwaka 1940

Isidhaniwe kwamba nyumba hizi zilikuwa nzuri kuishi. Mwaka 1939, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Peate, ilitolewa ripoti ya tume iliyoongozwa na mbunge Clement Davies kuhusu kifua kikuu katika Wales. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu katika kaunti za mashambani za Wales kwa kiwango cha juu kabisa, na tume ilizilaumu vikali serikali za mitaa kwa kuacha watu wakae katika nyumba chafu zilizoloa. Vibanda vile vile ambavyo mtaalamu mmoja alivipima kwa upendo, tume iliviona kuwa mashimo ya maradhi. Davies alikuwa mbunge wa kaunti ya Montgomery, na Llanbrynmair alikozaliwa Peate imo katika kaunti hiyo hiyo.

Wote wawili walisema kweli. Bakteria ya kifua kikuu haizaliwi na udongo wala mabua. Huenezwa kwa hewa baina ya watu, hasa wanapolala wengi katika chumba kidogo kisichopitisha hewa, na miili yao imedhoofishwa na lishe duni. Familia ya watoto saba katika croglofft ilikuwa hatarini hata kama kuta zingekuwa za marumaru. Tena nyumba nyingi zilikuwa za kupanga, na wenye ardhi hawakuona sababu ya kutengeneza paa la mtu mwingine. Kilichohukumiwa kama kosa la udongo kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kosa la ufukara na uzembe. Hata hivyo mama aliyemzika mtoto wake hakuwa na haja ya kutofautisha, na walipopewa nyumba mpya za halmashauri, watu walihama kwa furaha.

Peate alikuwa msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya St Fagans, yaliyofunguliwa mwaka 1948 kwa mfano wa Skansen ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1891. Nyumba hupimwa, kila jiwe na kila ubao hutiwa alama, hufumuliwa, husafirishwa na kusimamishwa tena. Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam, ya miaka ya 1960, ni ya ukoo huo huo, ingawa nyumba zake zilijengwa palepale.

Miongoni mwa majengo ya St Fagans imo safu ya nyumba sita kutoka Rhyd-y-car, Merthyr Tydfil, zilizojengwa mnamo mwaka 1795 na tajiri wa chuma Richard Crawshay kwa ajili ya wachimbaji wake. Kuta na paa ni za aina moja kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, lakini kila moja imepambwa kwa mwaka wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Mgeni akipita mlango hadi mlango huona mshumaa ukiacha nafasi kwa taa ya mafuta, na taa kwa umeme. Hata bustani zilizo nyuma zimepandwa kulingana na miaka hiyo.